Kilomita Elfu Kumi na Sita

Tenneh Vandi alikuwa aende Melbourne mwezi uliofuata, bintiye Kadiatu atakapokaribia kujifungua. Viza ilikwishatoka, na vitambaa vya kumbebea mjukuu alikwishavitia rangi kwa mikono yake. Kisha Jumanne alfajiri mkwewe Foday akapiga simu. Mtoto amezaliwa kabla ya siku zake, wa kike, mzima. Lakini Kadiatu amevuja damu nyingi na hajafumbua macho. Madaktari wamesema kama ana mama, aje.

Saa mbili asubuhi Tenneh alikuwa mbele ya Bwana Sahr, mkata tiketi pale Freetown, akimwomba amrushe siku hiyo hiyo.

"Ni mbali kiasi gani?" aliuliza.

"Kilomita elfu kumi na sita, Mama. Ndege ingekwenda moja kwa moja, ingekuwa saa kumi na nane."

"Basi nipe hiyo."

"Hiyo haipo. Utapita Istanbul, ungoje. Upite Singapore, ungoje tena. Jumla saa arobaini."

Tenneh alimtazama kama anavyomtazama mteja mbishi sokoni. "Nipunguzie," akasema.

Sahr hakucheka. Alitafuta na kutafuta, kisha akamgeuzia kompyuta ajionee mwenyewe.

Jioni Tenneh alivuka kwa boti hadi uwanja wa ndege wa Lungi, akapanda ndege. Kusoma hakujua sana, ila tarakimu alizijua vizuri, na mbele ya kiti chake kulikuwa na kioo kilichoonyesha kilomita zilizobaki. Alizikodolea macho njia nzima. Zilipungua kwa uvivu, naye akazisukuma kimoyomoyo, chakula hakugusa. Istanbul alikaa saa saba kwenye kiti cha chuma. Alipofika tu alimpigia Foday, akaambiwa Kadiatu anapumua. Baadaye akapiga tena, simu ikaita hadi ikakatika.

Singapore ndipo Foday alipopokea. Tenneh alimuuliza mgonjwa anaendeleaje.

"Njoo tu, Mama," alisema Foday. "Wewe njoo tu."

Hakuuliza zaidi. Alishukuru, akakata simu, akakaa hadi abiria walipoitwa.

Safari ya mwisho ilikuwa ya saa saba na nusu. Kilomita zilipungua vilevile, lakini sasa Tenneh hakuzitaka zipungue. Maadamu zilikuwepo, hakuna aliyemwambia neno. Zilipobaki mia mbili alikifunika kioo kwa kitambaa chake, na mhudumu alipomuuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa.

Melbourne, Foday alikuwa amesimama peke yake kwenye mlango wa kutokea abiria, macho yamevimba. Tenneh alimshika mabega.

"Ilikuwa saa ngapi?"

Foday akamtajia. Tenneh akahesabu kurudi nyuma kwa vidole, polepole, akapata: ilikuwa Istanbul, saa ya tano ya kungoja. Alikuwa amekaa tu, mkoba mapajani, hana la kufanya.

Wanawake wa msikitini walikuwa wamemngoja ndipo waoshe maiti. Hawakujua lugha yake, naye hakujua yao. Mmoja alimimina maji, Tenneh akaosha, kuanzia mkono wa kuume. Mwili ulikuwa baridi kama kitu kilichotolewa kisimani. Walipomaliza, Foday alimletea mtoto ampakate. Tenneh akamwomba aendelee kumshika mtoto kwanza. Mikono yake, alisema, bado imelowa.