Bei ya Mlango

Kitendawili. Hana rungu, hana mbwa, wala hapandishi sauti. Lakini akisimama mlangoni, mgeni hugeuka mwenyewe na kuaga kwa heshima. Ni nani? Fikiri taratibu. Umeshindwa? Basi nipe mji, wowote ule, nikapumzishe miguu yangu. Nimeshafika, nimekaribishwa, kwa hiyo nakutegulia: ni bei.

Mama Pindo alimjua bawabu huyo kuliko alivyowajua majirani. Alikuwa mshonaji, na jina hilo walimpa wateja kwa sababu pindo lake halikufumuka hata nguo ichakae. Ila tangu utoto hakujua kumwambia mtu hapana. Mama yake alimlea hivyo: aliyesimama mlangoni kwako hanyimwi. Basi kazi asiyoitaka aliitajia bei ya kutisha. Mteja alikuna kichwa, akasema, "Ngoja nikajipange," akaenda zake. Mdogo wake, waliyeshona naye chumba kimoja, aliiita bei ya mlango.

"Dada, si useme tu hutaki?"

"Mdomo wangu haujazoea."

Sasa alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huu ulikuwa umehamia kwake na virago vyake. Miguu ilivimba kwa kukanyaga cherehani, hata akashona peku, viatu kavisukumia chini ya meza.

Asubuhi hiyo bintiye alimpigia simu. Alikuwa mbali, safari ya kutwa nzima, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imetimia.

"Mama, unakuja au huji? Kila nikikuuliza unaniambia una kazi ya mtu."

"Nitakupigia, mwanangu."

Akailaza simu kando ya mkasi. Swali likabaki mle chumbani kama pini iliyosahaulika kwenye nguo. Kila akigeuka, linamchoma.

Hata chai haijapoa, akaingia mwenye hoteli. Alitaka mapazia ya vyumba vyote, kitambaa kizito, chenye bitana, mwezi usiishe. Mama Pindo aliyatazama magoti yake mwenyewe, akayaonea huruma. Akataja bei ya mlango, na kwa usalama akaipandisha palepale. Mdogo wake akajikohoza kuficha kicheko.

"Sawa," alisema mwenye hoteli. "Kitambaa nilete kesho?"

Kicheko cha mdogo mtu kikakatika. "Hata kuomba upunguziwe, baba?"

"Fundi wa bei ndogo simwamini."

Mama Pindo alimkumbuka muuza mboga wa pale kona, aliyeleta gauni la mwanawe lilegezwe kiunoni. Siku hiyo mgongo ulimuuma, akamtajia bei hiyohiyo ya mlango. Mama wa watu alilikunja gauni lake, akalitia kwapani, na tangu hapo salamu yake ni ya kujilazimisha. Kumbe bei ni uzio tu: mtu mfupi unamrudisha na aibu yake, mtu mrefu anauruka bila hata kukunja suruali.

"Mwongezee," mdogo wake alimnong'oneza.

"Atakubali tena."

"Basi shona, dada. Paa linavuja, na wewe unalijua."

Analijua. Beseni lilikuwa pale pale chini ya tundu. Akaitazama simu, akamtazama mwenye hoteli, naye ameshatoa kamba aliyopimia madirisha yake.

"Baba, sitaweza."

"Hutaweza vipi? Bei si tumekubaliana?"

"Bei tumekubaliana. Kazi sikuitaka tangu mwanzo. Nimechoka, na mwanangu anajifungua."

Mwenye hoteli aliivingirisha kamba yake polepole. "Ungeanza na hilo, mama, wala nisingekaa. Mjukuu aje salama."

Akatoka. Mlango haukubamizwa, na dari haikuanguka. Neno alilolikimbia maisha yake yote lilikuwa dogo, halikujaza hata kinywa.

"Kamwambie muuza mboga alilete lile gauni," alimwambia mdogo wake. "Utalilegeza wewe, kwa bei ya watu."

"Na wewe je?"

Mama Pindo alikuwa anavitafuta viatu kwa kidole cha mguu, simu iko sikioni.

"Mama?" bintiye aliitika.

"Nakuja."