Mheshimiwa Arudi Shambani

Mume wangu Asukile alikuwa diwani kwa miaka kumi na tano, na miaka yote hiyo alikuwa akiniahidi kurudi shambani. Akitoka vikaoni mjini alisimama nyuma ya nyumba na suti yake, akitazama wenzake wakilima mlimani. "Nikimaliza tu, Mama Eveline." Nami nikangoja. Nilimtamani yule kijana aliyenioa akiwa na tope hadi magotini; huyu wa vikao sikumzoea.

Huku kwetu, juu ya Uyole, viazi tunalima kwa ujima: leo kwangu, kesho kwako. Kutuma kibarua hakuhesabiki. Mwenzetu ni yule anayeinama nasi hadi tuta la mwisho. Asukile alituma vibarua hadi jina lake likaondolewa kwenye zamu.

Mwaka huu hakugombea. Zamu ya jirani yetu Sosthenes ilipofika, Asukile alibeba jembe lake mwenyewe, akatembea mbele yangu upesi upesi kama anakwenda kuposa. Mzee mzima! Nilicheka peke yangu kwa furaha.

"Mheshimiwa! Leteni kiti!" Sosthenes aliita.

"Sikuja kukaa, ndugu yangu. Nimekuja kulima."

Watu wakashangilia. Akapewa mstari kando ya wangu. Tukalima bega kwa bega, jasho likimtoka, na mimi sikutaka jua lipande.

Tulimaliza matuta mawili tu. Sosthenes, kwa adabu zake, akasema, "Mheshimiwa, si utusalimie kidogo?"

Nikamtazama mume wangu. Kataa, baba, kataa. Akaegemea mpini.

"Nitasema mawili tu."

Alianza na barabara, akaja kwenye maji, akapanda kwenye mbolea. Watu hawakumkatiza, waliitikia huku wakilima, wakisogea juu mstari kwa mstari, naye akipaza sauti iwafikie. Mimi nililima mstari wangu, nikarudi nikalima na wake. Alipowashukuru kwa kumsikiliza, togwa ilikuwa imeshaanza kugawiwa. Walimpigia makofi, wakampa kikombe cha kwanza, kile cha mgeni.

Njiani alikuwa na furaha. "Umeona walivyonipokea?" Niliitikia.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu ya Jailos. Nilichukua jembe langu, nikasimama mlangoni nikimsubiri. Asukile alikuwa anachagua shati.

"Tangulia, mke wangu," alisema. "Waambie nitapita kuwasalimia."