Sauti Iliyobaki Gerejini

Asubuhi, kabla jua la Arizona halijaanza kuchoma bati la mlango, Verlin Stoddard alikuwa amepiga magoti ndani ya gereji ya nyumba yake, akisokomeza mataulo makuukuu kwenye upenyo wa chini. Alikuwa ameshapigilia godoro mlangoni kwa ndani na kuziba dirisha kwa blanketi. Gari lilikuwa nje, na hilo lilimtia wasiwasi, maana kanuni za Chama cha Wenye Nyumba zilisema gereji ni ya gari. Lakini iliyomkosesha raha zaidi ni kanuni ya kelele. Kuna jirani alikuwa amelalamika. Kamati ya chama haikutaja jina, haitaji kamwe.

Verlin alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, na starehe yake ilikuwa kerezo, mashine ya kuzungusha gogo na kulichonga. Alikereza bakuli kutokana na magogo ya miti ya mathenge aliyookota jangwani. Aliporidhika kwamba hakuna upenyo uliobaki, aliwasha mashine, akashika patasi. Mkewe, Arleta, alikuwa ameketi kwenye stuli yake, penye mlango wa jikoni.

"Verl," akasema, "usisahau miwani."

Verlin akavaa miwani ya kukinga macho, akashusha pumzi.

Arleta alikuwa amesahau mengi. Kerezo lilipolia alimjua mumewe na kumtania. Liliponyamaza, haukupita muda akamtazama kwa adabu iliyochanganyika na hofu. "Wewe ni mtu wa kamati?" aliuliza. Kisha, kabla hajajibiwa: "Magugu nimeshang'oa." Mbele ya nyumba za mtaa ule hakukuwa na nyasi, kokoto tu, na gugu likichomoza ni kosa. Arleta alikuwa amesahau siku ya arusi yake, lakini kanuni za kamati alikuwa nazo zote. Binti yao aliwahi kuwatumia sauti ya kerezo iliyorekodiwa kwa simu. Arleta aliisikiliza, akauliza redio hiyo ni ya nani.

Siku hiyo Verlin alipozima mashine, sauti haikutoka. Haikuwa na pa kutokea. Ilishuka taratibu juu ya rafu na makopo ya misumari, ikatua sakafuni juu ya maranda, ya kijivu, nyepesi kama pumba za mahindi. Alipoikanyaga ililia kidogo chini ya kiatu. Akachukua ufagio.

Mwisho wa wiki ilimfika kwenye vifundo vya miguu. Aliizoa kwa koleo, akaitia kwenye mifuko ya taka na kuifunga vizuri, kwa kuwa kanuni zilitaka mifuko ifungwe. Lori la taka lilipoikandamiza tumboni mwake, kerezo lililia mtaa mzima mpaka lori likakata kona. Watu walitoka, wakatazama saa zao, wakarudi ndani.

Kabla ya chakula cha mchana Bi. Marlys Tveit, mwenyekiti wa kamati, alifika kwa kigari chake cha gofu, na kofia yake pana.

"Verlin, kifuniko cha pipa lako hakikufunga sawasawa."

"Nimekosa, Bi. Marlys. Nitakibana."

"Na kwenye ile mifuko kulikuwa na nini?"

"Kelele. Mlisema isitoke."

Bi. Marlys akaomba aone. Akaichota kwa kiganja, akaisogeza sikioni, akakung'uta mkono.

"Hii sasa ni kuweka shehena gerejini, kaka yangu. Gereji ni ya gari. Si mimi ninayesema."

"Isitoke, isikae. Iende wapi?"

"Ndiyo maana wenzangu wanasema mashine iondoke. Njoo mkutanoni ujieleze. Mimi sikuchukii, unajua."

Jioni Verlin alimkuta jirani yake, Duane Pruitt, akichomoa magugu kwa koleo dogo.

"Naapa si mimi niliyekuchongea," Duane akawahi. "Kwa masikio haya? Hata ungenikereza kwenye paji la uso nisingesikia."

"Basi uniunge mkono mkutanoni."

"Mimi tena! Uji wangu nanywea bakuli lako kila asubuhi."

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa bwawa la kuogelea, kukiwa na kahawa na biskuti. Verlin alisimama, kofia mkononi.

"Mke wangu hunijua mashine ikilia," alisema. "Na hatuwezi kuhama. Nyumba nyingine hatajua hata choo kilipo. Naomba saa moja tu kwa siku."

Bwana mmoja aliuliza kama pumba za sauti huvuta mchwa. Mama mmoja aliuliza kama zina harufu. Kila mtu pale alijua kwamba mwenye kukaidi kamati, nyumba yake huishia mahakamani. Ilipoulizwa nani anaafiki mashine iondoke, Duane, ambaye banda lake la uani halikuwa na kibali, aliinua mkono kabla ya wote. Hakumtazama Verlin.

"Na ile sauti niliyokwisha kufagia?" Verlin akauliza.

Kamati ikanong'onezana.

"Iwekwe kwenye vyombo vyenye vifuniko," Bi. Marlys akasema, "na vyombo vipakwe rangi iliyoidhinishwa."

"Hata kama viko ndani?"

"Mlango ukifunguliwa, Verlin, ndani ni nje."

Kerezo lilichukuliwa na mtu wa mji mwingine. Verlin alijaza sauti kwenye mitungi ya kioo iliyokuwa ya achari, akaipaka yote rangi ya mchanga. Baada ya hapo hakuweza tena kuona imebaki kiasi gani. Aliipima kwa kuitikisa, na kila alipoitikisa alihisi imepungua.

Gari likarudi gerejini. Baada ya chakula Arleta huketi kwenye stuli yake, na Verlin, akijibana kati ya gari na ukuta, hufungua mtungi na kumwaga kijiko kimoja tu cha sauti, nayo hulia.

"Verl, usisahau miwani."

Verlin alivaa miwani.

"Unakereza nini leo?"

"Bakuli."

"Bakuli tena! Tutakuja kulala ndani ya bakuli, mume wangu."

Verlin alicheka, kwa sauti ya chini ili asikose neno. Kisha mlio ukawa mwembamba, ukaisha. Arleta akanyoosha sketi yake magotini, akamtazama kwa adabu.

"Wewe ni mtu wa kamati?"

Zamani Verlin alikuwa akijitaja jina, naye Arleta akizidi kuogopa, kwa kuwa mtu wa kamati anayesema uongo ni mbaya zaidi.

"Ndiyo, mama," alisema Verlin.

"Magugu nimeshang'oa."

"Nimeona. Kokoto zako ni safi."

Arleta aliinama kidogo, akapunguza sauti. "Mume wangu ana mashine yake humo. Ni mtu mpole, hamsumbui mtu. Waambie wenzako wasimwondolee."

"Nitawaambia," alisema Verlin. Akafunika mtungi, akauweka sikioni, akautikisa.