Kamati ya Goti

…na goti hili, Baba, goti la kushoto, anasema Elkana, kana kwamba Mungu akiachwa bila maelekezo atashuka aponye la kulia, na sisi watu kumi na mmoja tumefumba macho tumeshikana mikono kuizunguka meza ya sebuleni kwa Truphosa, Missouri City, pembeni mwa Houston, Jumapili saa tisa alasiri, televisheni tumeinyima sauti lakini picha tumeiachia, maana maombi ni maombi na mechi ni mechi, mkono wangu wa kulia umo ndani ya mkono wa Truphosa, mama wa mwenye goti, na wa kushoto umo ndani ya mkono wa Fidèle, Mkongomani wa Haltom City niliyemjua leo saa saba, aliyepewa lifti na Elkana bila kuelezwa vizuri anapelekwa wapi, alidhani ni harusi, amevaa suti, maskini, amesafiri mwendo wa saa nne na nusu kuja kuliombea goti asilolijua… Elkana amekwisha kuwaombea madaktari, ameiombea mashine ya kupiga picha, ameuombea umeme wa hospitali usikatike, umeme wa Houston, lakini ukizaliwa tulikozaliwa sisi huachi jambo kama hilo mikononi mwa binadamu, na akimaliza atasema Amina, na baada ya Amina ni mimi, niko kwenye ajenda, nambari nne, maoni ya Sista Kanana kama mtaalamu, kwa sababu hii ni kamati, jina lake rasmi ni Kamati ya Mashabiki wa Cheruiyot, Tawi la Texas, kama vile kuna tawi lingine, Cheruiyot ndiye kijana mwenye goti, mchezaji wa kikapu wa chuo, mimi naiita Kamati ya Goti na Elkana hajafurahi, Wakenya watatu wakikutana popote duniani wawili watakuwa wajumbe na mmoja mwenyekiti, na mwenyekiti wetu ndiye huyu anayemwambia Mungu siku ya upasuaji, Jumanne, Baba, saa moja asubuhi, wewe unajua… anajua, Elkana, anajua, hata redio inajua. Redio wiki nzima haina jingine, kuna mzee mmoja alipiga simu kutoka Pasadena ya hapa jirani akalia, mtu mzima, alilia hewani kwa ajili ya gegedu ya kijana asiyewahi kumpa mkono, akasema kwa nini sisi, kwa nini mwaka huu, na mtangazaji akamwacha alie mpaka matangazo ya matairi, na kwenye mtandao ndiyo usiseme, Elkana amechapisha kurasa kumi na nne za maneno ya mashabiki, amezitoboa, amezitia kwenye faili, akatusomea kabla ya maombi kwa sauti ya taarifa ya habari, mmoja anasema alijua tangu Novemba kwa jinsi kijana alivyokuwa akifunga kamba za viatu, mwingine anasema vijana wa siku hizi wamelegea, enzi zake alicheza na mguu uliovunjika, mwingine anasema upasuaji unaweza kungoja mpaka Aprili, mashindano ya Machi yapite kwanza, na huyo shemeji yake ni daktari, wa mbwa, lakini ni daktari, na hapo ndipo Elkana alipoweka faili chini akatutazama kwa zamu, akasema ndugu zangu, kama goti linaweza kungoja, lingoje, sisi ni wazazi, Mama Cheru atamwambia kijana na kijana atasikia, huyu si kijana wa kumkatalia mamake, na kuhusu kama linaweza kungoja tunaye mtaalamu hapa, nesi, huyu Kanana hana adabu lakini hana uongo… watu wakacheka, na mimi nikacheka, nilipenda, lazima niseme, nilipenda kusikia hivyo. Fidèle peke yake akainua mkono kama yuko darasani, bon, miye niko mugeni, akasema, lakini goti iko ya mutoto, haiko ya kamati, wakacheka zaidi, wakamwita mheshimiwa, na Dedan ambaye ndiye katibu hakuliandika, mimi nilimwona, kalamu ilisimama kabisa… mguse Baba, mguse kwa kidole chako, anasema Elkana, na Dedan upande wa pili wa meza ananong'ona, huyu leo atafika Ufunuo, mtu anabana kicheko, chapati zinapoa jikoni chini ya taulo. Linaweza kungoja. Hilo ndilo jibu, kama kuna anayetaka jibu, nililisikia kwa masikio yangu, Alhamisi, Truphosa alikuwa zamu kule anakolea wazee, nikampeleka kijana mimi, daktari akaning'iniza picha ukutani akasema ameona mabaya kuliko haya, vaa kifunga-goti, cheza mpaka Machi, hatari ipo lakini ni ndogo, tutakata Aprili, na kijana akasema Jumanne, daktari akarudia kama mtu anayedhani hakueleweka, kijana akasema Jumanne, please. Futi sita na inchi nane amejikunja kwenye Corolla yangu, magoti yote mawili, zima na bovu, yamegusa dashibodi, msongamano wa barabara ya hamsini na tisa umetushika, ndipo akaniambia, Auntie, promise hutaambia Mum, nikasema siahidi kitu nisichokijua, akasema anyway, siku ile goti lilifanya pop watu wote walinyamaza, Auntie, watu elfu nane, na unajua nilifeel nini, nilifeel kama zile siku za mafuriko walikuwa wanafunga shule, hakuna test, hakuna mtu wa kulaumu, unarudi tu kulala… si uache basi, nikamwambia, waambie hutaki tena, mimi mtu wa kusema mambo wazi, na yeye akanitazama kwa huruma, kijana wa miaka ishirini na moja ananitazama mimi kwa huruma, niwaambie nani, Auntie, wako na T-shirt. Wako nazo kweli. Namba yake, thelathini na mbili, mgongoni, wote humu ndani isipokuwa mimi na Fidèle, hata Truphosa amevaa, inamfika magotini… na Elkana si mtu mbaya, hilo nalo niliseme nikiwa bado nimefumba macho, miaka minane amekaa kwenye ofisi yake ya Richardson, kule Dallas, kwenye kipembe kilichozungushiwa ubao, akitengeneza programu za simu, hakuna aliyemjali, mpaka siku Cheruiyot alipoonyeshwa kwenye televisheni na Waamerika watatu wakaja mezani kwake kuuliza jina lile linatamkwaje, akalitamka, wakalirudia, wakalikosea, akalitamka tena, ananisimulia hadi leo, na kila Jumamosi ya mechi anashika barabara saa nne kuja na saa nne kurudi kumwona kijana, Mkalenjin wa kwanza Texas nzima kufukuza mpira badala ya saa… nami si mjinga, najua ni nini kinaombewa hapa, si goti. Lakini kuulizwa nitaulizwa. Nitasema nini, nitasema linaweza kungoja, kwa sababu linaweza, mimi siwezi kujifanya, nilisoma falsafa Nairobi miaka minne nikaja huku nikasomea unesi, kupima mikojo, katika yote mawili kitu kimoja tu kilinibakia, sisemi lisilo, kwenye ibada ya mazishi ya Melkiori, mwenzetu wa kanisani, waliniomba nisimame niseme alikuwa mtu wa watu, nikakataa, hakuwa mtu wa watu, hakuwa hata mtu wa nyumbani kwake, nikakaa, mchungaji akaendelea na wimbo… nitasema ukweli na kijana atachezeshwa, mamake atampigia magoti, magoti yamekuwa mengi humu, atavaa kifunga-goti, ataingia uwanjani, watu elfu nane watasimama, na mzee wa Pasadena atalia tena, kwa furaha safari hii, au basi nitasema ukweli wote, nitasimama niseme ndugu zangu, hataki, na hapo nitakuwa nimemvunjia kijana kitu ambacho daktari hana uzi wa kukishona… umrudishe uwanjani, anasema Elkana, sauti imepanda, kabla ya Machi, Baba, aruke kama swala, semeni Amina, na tunasema Amina, yaani wao wanasema, mimi mawazo yangu yalikuwa bado Alhamisi, Fidèle anaisema ya nguvu huku kiganja chake kimelowa jasho, Dedan anaisema, wote, ila upande wangu wa kulia hakuna kitu. Hakuna. Truphosa, anayewaitikia Amina hata wahubiri wa televisheni, anayeitika Amina kwa tangazo la sabuni likisemwa kwa hisia… nafumbua jicho moja. Macho yake yako wazi. Ananitazama, na kwa jinsi anavyonitazama si sasa ameanza, amenitazama tangu ombi la umeme wa hospitali. Asubuhi jikoni, akisukuma chapati, hakuinua uso, alisema tangu aumie anamaliza chakula, Kanana, tena anaimba bafuni, unasikia, anaimba, na mimi nikamjibu ni dawa za maumivu, huwa zinaleta hivyo, zitaisha, mtaalamu, nikachukua chapati ya kwanza nikamwambia chumvi imezidi, naye akaendelea kusukuma, na mimi nikadhani mazungumzo yalikuwa ya dawa… alikuwa ananiambia. Ananiambia tena sasa hivi, kwa vidole, vigumu hivi vya kuvaa glavu kutwa na kuinua wazee wa watu, havinibani kwa nguvu, vimetulia tu, kama mtu aliyeweka mzigo chini na anangoja mwenye mabega apite. Yeye hawezi. Nambari tano kwenye ajenda ni jibu la mama, na atasimama pale mbele ya watu waliosafiri saa nne, amevaa thelathini na mbili, aseme nini, mama hawezi kusema mwanangu hataki, wataenda kumwamsha kijana aliyelala kule chumbani waanze kumwombea na roho pia, lakini nesi akisema goti halitaki, basi, ni goti, nani atagombana na goti. Na kwangu mimi ukweli huu umewahi kunigharimu nini… mjane wa Melkiori alikuwa amekaa safu ya mbele siku ile, sikumtazama, nilirudi nyumbani nimejisikia safi, nikala vizuri, sijui yeye alikula nini. Kumbe na mimi ninayo fulana. Nimeivaa miaka mingi kuliko hawa, ina jina langu mgongoni, na leo nilishangiliwa nayo kabla hata sijaingia kucheza. Haliwezi kungoja. Najaribu, ndani kwa ndani, midomo imefungwa, haliwezi kungoja, ndugu zangu, lile pande la gegedu limekatika vibaya, limekaa kama mlango usiofunga, akiruka litasaga mfupa, mnataka acheze Machi hii au mnataka atembee… hiyo ya kutembea ni nzuri, Elkana atainamisha kichwa, Dedan ataandika, wote wataandika, na watakwenda zao na faili lao kumsubiri mwakani, na mwakani ni mwakani. Inatoka laini mno. Miaka yote hii nilidhani kudanganya ni vigumu. Nafumba lile jicho, nabana vidole vya Truphosa mara moja, navyo vinabana, mara moja, na kwenye kioo kisicho na sauti, siwezi kuona lakini najua, kijana fulani wa watu amesimama peke yake mstarini, anadundisha mpira, anangojewa… na Fidèle anabadilisha mguu, na harufu ya chapati inafika mpaka hapa, na Elkana anavuta pumzi, tunadhani ndiyo hiyo, mikono inaanza kulegea kote mezani, na mwisho kabisa, Baba, anasema, na sote tunaikaza tena, maana tunamjua, mwisho kabisa wake una vyumba vitatu na stoo.