Fangasi wa Huyu na Fangasi wa Yule

Choa cha Baba Mdogo kilianzia shingoni: duara jekundu, kingo zina magamba, linawasha balaa. Nyumba nzima ikanigeukia mimi mezani, kwa sababu nilisoma baiolojia chuo kikuu mwaka mmoja na nusu. Nikameza tonge, nikatangaza kuwa ni fangasi, na kwamba fangasi hao huhama ngozi ikigusana na ngozi.

Mama Mdogo akaweka kijiko chini. Yeye hakuwa na hata kipele. Ila jirani yetu, mwanamke fundi cherehani tunayepakana naye ukuta, alikuwa na duara kama hilo, shingoni, upande uleule wa kushoto.

Sahani hazijaoshwa, sanduku la Mama Mdogo likawa mlangoni, wazi, limejaa nguo. Akasema haondoki kwa tetesi. Daktari athibitishe kwanza, ndipo alifunge arudi kwao.

Baba Mdogo akaapa kwa kila alichokijua. Kisha akajipaka krimu ya mwasho aliyopewa na rafiki yake. Mwasho ukatulia, duara likatanuka hadi chini ya sikio. Mama Mdogo akasema hata ngozi yake imechoka kumfichia siri.

Mwisho wa wiki akatukokota wote zahanati, pamoja na jirani, aliyedhani anasindikiza mgonjwa. Daktari akakwangua kingo za maduara yote mawili kwa kiwembe, ule unga wa ngozi akauweka kwenye vioo, akaudondoshea dawa, akachungulia kwenye hadubini. Fangasi, akasema, nyuzi zao hizi hapa. Mama Mdogo akamwomba atazame vizuri kama fangasi wa huyu na fangasi wa yule ni ndugu.

Daktari akajibu kuwa mashine yake haipelelezi ndoa. "Kuna mnyama yeyote mnayelala naye?"

"Muulize huyu," Mama Mdogo akasema, akimnyooshea mumewe kidevu.

Jirani ndiyo kwanza akaelewa ameitiwa nini. Akacheka mpaka akashika meza. Anayelala shingoni kwake, akasema, ni Waziri, paka wake mwenye mkia uliokatika ncha, na siku hizi sikio moja linanyonyoka manyoya.

Baba Mdogo akatoa macho. "Mkia umekatika? Huyo ni Mzee. Huyo ni paka wangu."

Kumbe bwana yule alikuwa na nyumba mbili, majina mawili, na chakula cha jioni mara mbili. Mimi ningejua, ila niliacha chuo kabla hatujafika kwenye wanyama.

Daktari akaandika dawa ya fangasi ya kupaka, waendelee nayo hata duara likishapotea. Krimu ya rafiki itupwe, maana inatuliza ngozi huku fangasi wakijijengea makao. Paka atibiwe kwa daktari wa mifugo, na kila nguo aliyolalia ifuliwe kwa maji ya moto.

Mama Mdogo hakuomba msamaha. Alirudisha nguo zake kabatini, akavaa gauni lililokuwa juu kabisa. Hakuna aliyekumbuka kuwa sanduku lilikaa wazi wiki nzima, na Mzee anapenda vitu laini.

Siku chache baadaye Mama Mdogo akaanza kujifunga mtandio shingoni, ndani ya nyumba, kwenye joto. Baba Mdogo akamwomba autoe. Akalitazama lile duara kwa utulivu wa mtu aliyesubiri sana.

"Haya, mke wangu," akasema. "Jirani yupi?"