Kasi ya Kaseti

Bendi ilitangaza kwamba inarudi, na wa kwanza kuipinga akawa binti wa mwimbaji mwenyewe.

"Mama, sauti imeshuka, kubali tu. Waache wapige kaseti, wewe ufungue mdomo."

Mama yake, ambaye mashabiki walimwita Radi, alikuwa amepiga magoti akigongomea kitambaa kwenye kochi la mteja. Ndiyo kazi yake siku hizi. Akatema misumari kiganjani ndipo akajibu.

"Nifungue mdomo kama samaki? Kwa wimbo wangu?"

Mwandalizi wa tamasha naye alishasema: watu wanakuja kusikia ile sauti nyembamba ya redioni, si ya bibi mwenye wajukuu. Hapo ndipo Radi alipochemka, kwa sababu ile sauti nyembamba haikuwa yake hata siku moja.

Enzi zile walirekodi wimbo wa roki mzito, wa mwendo wa taratibu. Mashine ya redio ilikuwa mbovu, inazungusha utepe mbio, basi wimbo ukatoka hewani unakimbia, na sauti ya mwanamke mzima imekuwa ya kitoto. Watu wakaupenda hivyo hivyo, wakaunasa redioni, wakagawiana kaseti. Bendi ikanyamaza, utamu ulishakolea. Kisha ikafanya ujinga mkubwa zaidi: ikaanza kushindana na kasi ya mashine. Kila jukwaa Radi alipanda juu na juu zaidi, mpaka siku moja koo likagoma katikati ya ubeti, akatemea damu kwenye leso. Bendi ikafia hapo. Binti yake alishasimuliwa yote haya, akaona ni kisingizio cha uzee.

"Safari hii sikimbii," Radi aliwaambia wenzake mazoezini, katikati ya mabaki ya sponji kwenye karakana yake.

Mpiga ngoma, mwalimu mstaafu mwenye kitambi cha heshima, akacheka. "Dada, hata ungetaka, magoti yangu yangekataa."

"Na wakizomea?" akauliza mpiga gitaa.

"Wazomee. Liwalo na liwe."

Alasiri ya tamasha ukumbi ulifurika. Gitaa lilipolia tu, watu wakalipuka, wakaanza kuimba wenyewe kwa kasi ya kaseti. Mpiga ngoma akajikuta anawafuata. Radi akasikia koo lake linajikaza vilevile kama zamani, na akaogopa, tena sana. Akainua mkono. Bendi ikaacha kupiga.

"Nyie!" akasema kwenye kipaza sauti. "Huo mnaouimba ni wa mashine. Mashine ilishakufa. Mimi nipo."

Nyuma kabisa mtu akapiga mluzi wa dharau. Pembeni ya jukwaa mwandalizi alikuwa anamkonyeza fundi mitambo aweke kaseti, na binti alikuwa amesimama hapo hapo. Radi akawaona wote. Akapiga moyo konde, akapiga na mguu sakafuni, taratibu, ngoma ikamfuata. Akaanza kuimba chini, kwa sauti nene yenye mikwaruzo.

Waliokuwa wakiimba wakapotea njia. Wengine wakazomea kweli. Radi hakuwangoja wala hakuwabembeleza. Akamaliza ubeti wa kwanza, akatupa jicho pembeni.

Binti yake alikuwa amelala kifudifudi juu ya mitambo, mikono yote miwili imefunika vitufe, mwandalizi anamvuta bega naye habanduki. Sauti hii aliijua. Ndiyo iliyomwita ndani giza likiingia, iliyomgombeza, iliyomwimbia alipougua. Ila hakuwahi kuamini kwamba ndiyo ya wimbo.

"Hivyo hivyo, Mama!" akapaza sauti huku analia. "Usiwakimbilie!"

Radi akaingia ubeti wa pili, akashuka chini zaidi.