Daraja la Mzigo wa Dell Hruska

Jumanne asubuhi Noreen Hruska alifika kwenye ghala la malori la Toledo, mumewe akiwa nyuma ya pikapu, amefungwa turubai. Alikuwa amembebea na chupa yake ya kahawa, kwa mazoea.

Dell alifanya kazi kwenye ghala hilohilo, akipakia magunia ya unga mweupe, ule unaopakwa kwenye nguzo za majengo ili zisishike moto. Kifua kilimbana, akakohoa majira yote ya baridi, akafa. Alikuwa ameomba achomwe, majivu yapelekwe Nebraska kwa mama yake. Lakini kila walipomwingiza tanurini moto ulizimika, naye akatoka vilevile, mkavu, mweupe, ukimgusa anakuachia unga kidoleni. Watu wa mazishi wakasema huyu si maiti tena wala si majivu, basi asafirishwe kama mzigo.

Vern Tolliver, mpangaji wa madaraja ya mizigo, alitoka na kikombe mkononi. Hakuna mzigo unaopanda lori bila daraja: unabebekaje, unakula nafasi gani, una madhara au hauna. Alifunua turubai, akamtazama rafiki yake, akasugua ule unga kati ya vidole.

"Pole, shemeji."

"Asante. Ataondoka leo?"

"Ataondoka. Lori la magharibi ni mchana."

Wapakiaji wakavua kofia, wakamweka Dell kwenye mizani.

"Kumbe mzito hivi," mmoja akasema.

"Yale maandazi ya kolachi ya mama yake. Na hakuwa anatugawia."

Noreen alicheka pamoja nao, kisha akajifuta macho.

Vern akaandika: unga wa kuzuia moto, mkavu, hauna madhara.

"Andika una madhara, Vern."

"Shemeji."

"Si umemwona?"

"Nimemwona. Ila ni unga uleule. Nikimbandika yeye ile karatasi nyekundu ya hatari, itabidi nibandike magunia yote. Zije barakoa, yaje malori maalumu, halafu kiwanda cha huu unga kihamishie mizigo ghala la jirani. Hawa jamaa watakula wapi?"

"Dell alikuwa anakula hapahapa. Anakaa juu ya magunia, anakula mkate wake na huo unga."

"Najua. Nilikuwa nakaa naye."

Vern akakohoa. Akageukia ukutani mpaka kikohozi kilipomwachia, kisha akarudi, akambandika Dell kifuani karatasi nyeupe, akailaza vizuri kwa kiganja.

Noreen alimpangusa mumewe kope kwa leso, akamwekea chupa ya kahawa ubavuni. Wapakiaji wakambeba kwa mikono mitupu, wakampanga katikati ya magunia asije akagongwa njiani. Vumbi jeupe likapanda mlangoni.

Lori lilipoondoka, walikung'uta mikono kwenye suruali, wakafungua vyakula vyao, wakakaa juu ya magunia yaliyobaki. Mmoja akasogea kidogo, akamwachia Noreen nafasi.